Kapteni Zabron Hajibu

Jumanne, 5 Agosti 2025

Saa 148 za kuruka! Zimebaki mbili tu. Nikifika 150 nafanya mtihani, nikifaulu naacha mistari mitatu ya Rubani Msaidizi, navaa minne ya Kapteni. Na jeti inafunguka. Miaka miwili na ushei sasa. Nilianza kadeti na Cessna ya injini moja, nikaitumbukiza baharini mara kumi na moja mbele ya Raskazone, hapa Tanga. Nikapanda ATR ya mapangaboi mawili. Na bado kila nikiinua pua ya ndege viganja vinalowa.

Mama kapita na ungo wa mchele, kasimama kuangalia skrini. Ndege ya uongo, kasema, jasho la kweli.

Mtahini atakuwa Mzee Zabron. Mwambao, shirika letu la ndege za kwenye kompyuta, tuko marubani thelathini na wawili, kila mtu kwake na kompyuta yake, lakini Kapteni Mwandamizi ni yeye peke yake. Fundi mstaafu wa mitambo ya mkonge, anakaa Kigombe. Uso wake sijawahi kuuona. Sauti tu, kwenye hedifoni.

Leo tumeruka pamoja kwenda Pemba, yeye mbele, mimi nyuma. Katua bila kushusha magurudumu! Yeye! Nikamwuliza, Kapteni, kulikoni? Kacheka. "Uzee huo, binti yangu." Na mimi nikacheka.

Sijui kwa nini naliandika hili.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, duka la kopi ninakofanya kazi halikufunguliwa. Nikasema leo namaliza. Umeme ukakatika niko futi elfu tisa. Kama ndege haikumaliza safari saa hazihesabiwi. Bado 148.

Mama: "Mshukuru Mungu hukufa."

Jumatano, 13 Agosti

Nimetoka dukani saa kumi, nikaswali, nikawasha kompyuta. Mzee Zabron alikuwa angani tayari, anarudi Tanga. Nikamwamkia. Shikamoo Kapteni. Kimya. Nikarudia. Kimya — dakika mbili nzima, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani. Halafu akaitikia marahaba, lakini sauti si yake. Ulimi mzito, kama mtu ana tonge mdomoni. Akaniita Beatrisi. Beatrisi ni binti yake, mwalimu Lushoto.

Nikamwambia, Kapteni, ni mimi Muzna. Kisha ikarudi ile sauti ya kawaida, ghafla tu, kama taa. Akasema aliulalia mkono mchana, umekufa ganzi, anashika usukani kwa mkono mmoja. Na akaniomba: "Usimwambie Muntasir." Muntasir ndiye aliyeanzisha Mwambao, anakaa Dar, ana sheria kama polisi. Rubani akikosea mara tatu mwezi mmoja anashushwa cheo, jeti anafungiwa. Mzee keshakosea mara mbili, ile ya magurudumu ikiwemo.

"Nikishushwa, nitakaa na nani hapa?" kasema. Si kwa huzuni. Aliuliza tu, kama mtu anayeuliza bei ya sukari.

Nimemwahidi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimetafuta kwenye simu. Ulimi mzito. Ganzi mkono mmoja. Inakuja inaondoka. Nikasoma mistari mitatu nikafunga simu — kama nimefunua jamvi nikaona nyoka, nikalirudishia.

Mteja kaleta cheti kitolewe kopi, nimemtolea kumi badala ya mbili.

Jumapili, 17 Agosti

Leo nilikuwa nimwambie Muntasir. Wallahi nilikuwa nimwambie. Nimeandika ujumbe wote, nimeufuta. Nimeandika tena.

Kisha akanitangulia yeye. Kaniuliza mtihani wangu ni lini, na kama Mzee Zabron yuko sawa, maana watu kwenye grupu wanasema kachoka. Nikajibu yuko sawa sana.

Mbona nimesema hivyo? Nijiambie ukweli, humu hasomi mtu. Mzee akiondolewa, mtahini mwingine hakuna. Muntasir atatafuta mtu, itapita miezi. Nami naitaka minne yangu. Dukani natoa kopi za vyeti vya watu kutwa. Changu ni kipi?

Ndiyo hivyo. Nimeandika. Na naogopa kuusoma mstari huo.

Jumatano, 20 Agosti

150! Na Mzee leo mzima kabisa! Sauti safi, mizaha tele. Kanisimulia siku mashine ya kusaga mkonge ilipogoma akaitengeneza kwa mshipi wa suruali yake. Tumecheka mpaka Mama kaja kuangalia.

Nikajitia ujasiri nikamwuliza, Kapteni, umekwenda hospitali? Kasema ya nini, mkono umepona. Nikasema Alhamdulillah. Moyo haukusema.

Mtihani Jumamosi saa nane mchana. Tanga–Pemba. Mimi mbele, yeye ananifuata na ndege yake akinipima.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika nipo benchi la hospitali. Jioni. Nisipoandika nitapiga kelele.

Tuliruka saa nane na dakika kumi. Nilikuwa naogopa kufeli. Hicho tu ndicho nilichokiogopa! Mzee alisema kidogo sana. "Vizuri." "Punguza." Tulipoiona Pemba akasema, "Beatrisi, washa taa." Mchana! Nikasema Kapteni? Akasema kitu kingine, herufi zimeshikana, sikukielewa.

Nikatua. Nikatua vizuri, Mungu nisamehe, nilifurahi. Nikasubiri aje nyuma yangu.

Hakuja. Kwenye ramani ile alama yake ndogo ya njano ikapita juu ya uwanja, ikapita kisiwa, ikaingia bahari kuu. Moja kwa moja, mashariki. Ndege ilikuwa inajiendesha yenyewe. Nikaita. Kapteni Zabron. Kapteni. Mzee. Baba! Kipaza sauti chake kilikuwa wazi, nikasikia kuku. Nikasikia pumzi — nzito, kama ya mtu anayekoroma. Halafu kitu kikagonga, gu, gu, gu, chini. Halafu pumzi tu.

Nikampigia Muntasir. Kasema mzee kasinzia, si mara ya kwanza, na hili ni kosa la tatu, cheo basi. Nikamwambia huyu mtu anakufa! Kasema, "Muzna, punguza jazba, ni gemu." Na papo hapo, kwa kuwa mtahini hakunikatalia, skrini ikaleta yenyewe maandishi makubwa ya dhahabu. Hongera Kapteni Muzna. Mistari minne. Pembeni yake alama ya njano inakwenda tu.

Nikapiga simu ya Mzee. Inaita. Niliisikia inaita kule kule, ndani ya hedifoni.

Mama alikuwa kasimama nyuma yangu, sijui tangu lini. Nikamweleza, nikidhani atanigombeza. Akachukua baibui lake. "Kigombe wapi?" Sijui, Mama. Kigombe tu. "Basi twende Kigombe tu." Tukachukua teksi pale kona.

Njia nzima nimefungua sauti ya Mwambao kwenye simu, hedifoni iko sikioni, nasikiliza ile pumzi. Baada ya Tongoni mtandao ukapotea. Ulipopotea sikujua kama ni mtandao au ni yeye.

Kigombe tukauliza dukani, nyumba ya Mzee Zabron fundi. Mwenye duka, Sele, kasema jana hakuja kununua mkate, leo pia. Akaruka kaunta, akatangulia mbio. Mlango ulifungwa kwa ndani. Akauvunja kwa bega.

Alikuwa chini, kati ya kiti na ukuta. Hedifoni kichwani. Mkono wa kushoto unagonga sakafu, gu, gu. Uso nusu umeteremka. Ni mtu mdogo sana! Kwa sauti ile nilidhani ni pande la mtu. Jicho moja likanitazama. Nikasema shikamoo. Ndilo lililonitoka, shikamoo! Midomo ikajaribu marahaba.

Juu ya meza ndege yake bado iko angani, maji tupu pande zote. Sikuizima. Sikuthubutu.

Tulimleta kwa pikapu ya jirani. Mama kampakata kichwa magotini mpaka mjini, anamsomea Ayatul Kursiy, Mlutheri wa watu. Hakumwachia.

Daktari kasema kiharusi. Wamemwingiza ndani.

Jumapili, 24 Agosti

Yu hai. Upande wa kulia hauna kitu. Hasemi. Daktari kasema siku hizi tatu ndizo zitaamua.

Grupu la Mwambao limejaa pole na dua. Muntasir kanipigia analia, anasema cheo cha Mzee hakitaguswa milele, na kwamba mimi ni shujaa. Kaweka picha yangu. Watu ishirini wameandika hongera. Sikujibu hata mmoja.

Beatrisi kafika asubuhi na basi la kwanza kutoka Lushoto, bado ana vumbi la njia kwenye sketi. Kwanza kamwangalia baba yake. Kisha kaja kwangu, kanikumbatia mbele ya wauguzi, kanishika mikono yote miwili. Dada yangu, kasema, baba alikuwa ananisimulia habari zako kila wiki, binti wa Ngamiani anayeogopa kila kitu na bado anaruka. Umemwokoa. Mimi mwanawe sikujua, wewe ulijua.

Wewe ulijua! Alimaanisha jana.

Mama kaniangalia. Hajui ile ahadi yangu, lakini kaniangalia.

Baadaye daktari katoka, kauliza kama kulikuwa na dalili siku za nyuma. Ganzi, kupotewa maneno, hata ya dakika chache. Anasema kwa kawaida ugonjwa huu hupiga hodi kwanza, na mgonjwa akiwahi wakati wa hodi kuna dawa. Beatrisi kasema hapana, baba alikuwa mzima, tulikuwa tunaongea. Daktari akaandika: ghafla. Nililiona lile neno linaandikwa.

Sasa saa nne na nusu. Daktari keshaingia wodi nyingine, mlango uko wazi, faili la Mzee kalishika mkononi. Beatrisi alikwenda nje kuchukua uji, keshaanza kurudi, namwona mwisho wa korido, vikombe vitatu. Kimoja changu. Anatabasamu kwangu. Bado hatua kumi, kumi na tano hivi.

Nimesimama, daftari bado mkononi. Daktari kaniuliza kama nina shida. Nimesema ndiyo, ile habari ya dalili — na Beatrisi keshafika, ananipa kikombe, anauliza, dalili gani?