Mianzi Iliyokaa Juu ya Moto

Sironga, Jumapili, Agosti 1974

Mvua ya mawe imeipiga chai shambani adhuhuri yote, na sasa imebaki mvua ya rasharasha na baridi inayopenya hadi kwenye mifupa. Nimejifungia chumba cha mbele nikisingizia kwamba nina kazi ya kuandika. Kazi hakuna. Kazi yangu ilikufa jana mchana, na katika nyumba hii hakuna anayejua isipokuwa mimi.

Leo sitajipa moyo. Naandika tu nisije nikapasuka.

Kwa miaka miwili nimekuwa nikichunguza mianzi ya kwetu, ile ya kando ya kijito, aliyoipanda marehemu baba. Swali langu ni dogo mno hata naona haya kuwaeleza watu. Kwa nini mwanzi uliokatwa msimu mmoja huliwa na dumuzi, wale wadudu watoboao miti, hadi uwe vumbi, na uliokatwa msimu mwingine hudumu? Baba alijenga maghala ya mahindi kwa mianzi hiyo maisha yake yote, na alikuwa na jibu lake. Mimi nilitaka jibu la kemia.

Chuoni Nairobi tuna mashine ya mwanga wa infraredi. Unasaga mwanzi uwe unga laini, unauchanganya na chumvi ya bromidi iliyokauka kabisa, kisha unaubana kwa shinikizo mpaka upate kidonge chembamba kinachopitisha mwanga. Mwanga wenyewe hauonekani kwa macho. Unapita kwenye kidonge, na kalamu ya mashine inachora mstari kwenye karatasi. Kila mahali ambapo kemikali fulani imeunyonya mwanga huo, mstari unazama na kufanya bonde. Hapa selulosi, pale lignini inayoupa mwanzi ugumu wake. Ukishazoea, unautambua mwanzi kwa mabonde yake kama unavyomtambua mtu kwa mwendo.

Naipenda kazi hiyo. Sijawahi kumpenda mtu kiasi hicho, na mama analijua hilo ingawa hatujawahi kulizungumza.

Basi mianzi niliyokata masika ilinipa bonde ambalo ya kiangazi karibu haikuwa nalo. Nilirudia vipimo mpaka fundi wa mashine akanichoka. Bonde lilikuwa palepale. Masika yaliyofuata, palepale tena. Profesa wangu, mzungu mpole asiyependa maneno mengi, alishika zile karatasi mbili akazilinganisha dirishani, akasema tumepata kitu. Tukaandika kwamba mwanzi wa masika hujitengenezea kinga yake. Nilisimama mbele ya idara nzima nikalieleza bonde langu, nikapigiwa makofi. Nafasi yangu ya kuendelea na masomo imesimama juu ya bonde hilo, na makala yenye jina langu iko mezani kwa profesa ikingoja vipimo vya mwisho tu.

Vipande vya vipimo hivyo ndivyo nilivyokuja kuchukua.

Mwanzi mbichi huota ukungu ukiubeba kwenye mfuko hadi Nairobi. Kwa hiyo kila msimu nilikuja, nikakata, nikapasua vipande vyembamba, nikavitandaza ghalani kivulini. Nilimwambia mama nataka vikauke vizuri, kisha nikarudi chuoni. Baadaye nilivifuata, nikavikuta vimekauka, safi, vimefungwa kwa kamba ya mgomba. Nilimsifu mama kwa utunzaji wake.

Jana, Jumamosi, ilikuwa Sabato yetu. Kanisani mzee wa kanisa aliniombea kwa jina, akamshukuru Mungu kwa binti yetu anayemulika mianzi. Mama alikuwa ameketi nami, kitambaa chake cheupe kichwani, na nilimwona akijikaza asitabasamu wakati wa maombi. Tulirudi nyumbani tukala chakula kilichopikwa Ijumaa. Kazi ya siku ya Sabato hapana, lakini nilitaka tu kuvitazama vipande vyangu. Nikaenda ghalani. Havikuwepo.

Mama akasema viko jikoni, juu.

Moto haukuwashwa jana, kwa hiyo jiko lilikuwa baridi na lenye giza. Niliinua macho. Juu ya mafiga, kwenye dari, katikati ya kuni na mahindi ya mbegu, vipande vyangu vilikuwa vimepangwa kwa ustadi kabisa. Upande wa chini vilikuwa vyeusi kwa masizi.

Nilimuuliza viliwekwa huko lini. Akanijibu akicheka kidogo, kama mtu aliyefumaniwa akifanya jambo jema kwa siri.

"Moraa, ningeviacha ghalani dumuzi wakavila, ungempelekea mwalimu wako nini? Vyote hupitia hapa. Nikisikia unakuja navishusha, nakwangua masizi, napangusa. Safari hii umeniwahi."

Niliuliza kama hata vya masika hupitia hapo.

"Vya masika ndivyo hukaa sana. Kuni mbichi, hewa nzito, mwanzi haukauki upesi. Kiangazi ni siku chache tu."

Bonde langu si la mwanzi. Ni la moshi. Moshi umejaa kemikali zinazonyonya mwanga mahali hapohapo, na kadiri kipande kilivyokaa juu ya moto ndivyo bonde lilivyozidi. Miaka miwili nimekuwa nikiwasomea wasomi moshi wa jikoni kwa mama yangu.

Siwezi hata kumkasirikia. Kwetu mwanzi hukaushwa juu ya moto. Hakuna anayejenga kwa mwanzi ambao haujapita motoni, na hakuna anayetangaza kwamba amefanya hivyo, kama vile mtu hatangazi kwamba ameosha viazi kabla ya kuvipika. Nilipomwambia nataka vikauke vizuri, alifanya kilicho vizuri. Mimi niliyezaliwa katika jiko hilohilo ndiye niliyepaswa kumwambia, mama, hivi usiviguse.

Ila kuna jambo linalonichoma zaidi. Mwaka jana profesa alinusa ule unga kabla sijaubana. Akaniuliza, kwa upole wake, kama kulikuwa na moto karibu na mahali nilipokaushia. Nilipandwa na hasira. Nilidhani anaidharau nyumba yetu ya udongo. Nikamwambia kwetu tunapika kwa kuni, na kila kitu kitokacho kwetu kinanuka hivyo, hata hili sweta. Uso wake ukawa mwekundu. Akaomba radhi, na hakuniuliza tena.

Harufu ile siisikii. Nimelelewa ndani yake, pua yangu haiioni kuwa kitu.

Nimewaza kuanza upya. Usiku kucha nilikuwa nikipanga, nitakata mingine, nitaikausha huko huko chuoni, nitangoja masika. Leo asubuhi niliteremka kijitoni kuitazama mianzi. Baba mdogo ameing'oa yote. Mashina yamerundikwa kando yakingoja kuchomwa, na mteremko mzima umechimbwa mashimo ya miche ya chai. Alikuwa pale na jembe lake. Alisema mianzi ilikuwa inakunywa maji ya bure, na kwamba nilivyochukua vinamtosha msomi yeyote. Kisha akaniuliza ni lini nitaacha kusoma vijiti na kutafuta nyumba yangu. Nilimwamkia tena kwa heshima, kana kwamba ndiyo kwanza nafika.

Mianzi ipo kwingine, najua. Lakini hiyo si mianzi niliyoandika habari zake, wala misimu iliyopita siwezi kuikata tena. Na hakuna atakayenipa miaka mingine miwili baada ya kusikia nilivyoitumia hii.

Baba mdogo huyu ndiye mama amekuwa akipambana naye kwa ajili yangu tangu baba afariki. Kila wakikaa kikao cha ukoo kuniuliza nitaolewa lini, mama husimama akasema mwacheni, ana kazi anayoifanya. Hajui kazi yenyewe ni nini hasa. Husema tu, ana kazi. Na kwa neno hilo wamekuwa wakinyamaza.

Ningeweza kukaa kimya. Hilo pia nimeliwaza, tena kwa muda mrefu. Vipande hivi vya mwisho vingetoa bonde lilelile, profesa angefurahi, makala ingetoka. Halafu mtu fulani, mahali fulani, angekata mwanzi wake masika akijua una kinga, akajengea ghala, na dumuzi wangelila. Baba angekuwa hai angenitazama tu. Siwezi.

Kwa hiyo kesho napanda basi la asubuhi, na Jumanne nitaingia ofisini kwa profesa kabla hajavua koti lake. Nitasema kosa ni langu. Jikoni kwa mama sitakutaja zaidi ya inavyolazimu. Nadhani hatanifokea. Nadhani atakumbuka siku ile ya harufu, na atakuwa na adabu ya kutolitaja, na hilo litauma kuliko kufokewa.

Mama ameingia sasa hivi na kikombe cha uji. Ana vipande mkononi, anavipangusa kwa kitambaa kibichi, kimoja kimoja, ili nivichukue safi. Hakuuliza kwa nini sijala. Aliketi ukingoni mwa kitanda.

"Na ile mashine imesema nini juu ya mianzi ya baba yako?"

Nilimtazama mikono. Nikamwambia mashine imesema mianzi hii haitaliwa na dumuzi kamwe.

Alisema baba angefurahi kusikia hayo. Kisha akaendelea kupangusa.

Hilo nililomwambia ni kweli tupu, kwa kuwa moshi wake umeikinga, na sijawahi kumdanganya mtu kiasi hiki. Profesa nitamweleza Jumanne, maneno ya kumwambia ninayo. Lakini nikirudi hapa na mizigo yangu yote, masomo yamekwisha, na baba mdogo akaja kuniuliza kazi imekwendaje, mama akasimama tena kunitetea, nitamwacha aseme nini?