Buni Tuliyoipasua Izigo

Mpendwa rafiki yangu Kemilembe,

Nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe wangu wa simu unaujibu kwa vikatuni vya kucheka, na nililo nalo safari hii halichekeshi. Umeniomba nikuandalie njia kwa Bibi yangu wa Izigo, ili uje na Salha mpasue buni mbele yake. Kabla sijakujibu, niruhusu nikukumbushe tulikotoka, maana nahofia jiji limekuvurugia mpangilio wa matukio.

Tulikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya sanaa za maonyesho pale Bukoba, na kikundi chetu kilialikwa Dar es Salaam kuonyesha mchezo mmoja. Tukachagua hadithi ya wanaume wawili marafiki wanaochanjiana. Wewe huhitaji maelezo, lakini barua hii itasomwa na wengine: kwetu Wahaya, zamani, watu wawili waliopendana walichukua tunda moja la buni, wakalipasua, wakakuta ndani punje mbili zimelaliana kama pacha. Kila mmoja aliipaka punje yake tone la damu yake, akampa mwenzake aimeze. Kuanzia hapo waliitana omunywani, yaani rafiki wa kuchanjiana, na ugomvi wa mmoja ukawa wa wote wawili. Wanaume hao wa hadithi tulipewa tuwacheze mimi na wewe, wasichana wawili wa Muleba.

Unamkumbuka baba yako, mwinjilisti, alipotukuta uani tunafanya mazoezi?

“Kemi, mambo ya damu tena? Ubatizo wako tuuweke wapi?”

“Baba, ni juisi ya rozela.”

“Hata hiyo rozela msiimwage karibu na kanisa.”

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Izigo kumwomba Bibi buni zilizochemshwa na kukaushwa kwa namna ya zamani. Alicheka mpaka akajishikiza kwenye mgomba. “Wanawake wanachanjiana? Haya, dunia imeisha, kaeni chini.” Akatupa tunda moja, akatuonyesha pa kuweka ukucha. Uliuliza kama inatosha kujifanya unameza. Bibi akakukazia macho: “Kwangu hakuna kujifanya. Ukipasua umepasua. Na usitafune. Anayetafuna anamtafuna mwenzake.” Tukameza. Ukashikwa na kwikwi, nikakimbia kukuletea maji, na ulipopata pumzi ukaniambia, “Sasa nikigombana na mwalimu wa nadharia, na wewe umegombana naye.” Kweli uligombana naye wiki ileile, na mimi nikaacha kumsalimia kwa muhula mzima, ingawa alikuwa akinipa alama nzuri.

Siku ya safari, basi liliposimama Muleba, Mama alitupitishia dirishani ndizi za kuchoma zilizofungwa kwa majani ya mgomba. Ulikula zako na nusu ya zangu, ukalala begani kwangu hadi Biharamulo. Sikulisogeza bega. Nilijiona mtu mwenye bahati kuliko wote waliopanda basi lile.

Dar es Salaam mwongozaji mwenyeji wetu aliitazama buni mkononi mwako, akatikisa kichwa. “Hii ni ndogo mno, mtazamaji wa nyuma haoni kitu. Tutumie andazi.” Ndipo uliposema, “Andazi halina pacha ndani yake.” Neno lile lilikuwa kinywani mwangu, Kemi. Nilikuwa bado nalipanga lipendeze, wewe ukalitoa likiwa bichi, na likapendeza zaidi. Tangu dakika ile yule bwana alikuuliza wewe kila kitu, hata mambo ambayo jibu lake nilikuwa nalijua mimi.

Kesho yake alitangaza kwamba rafiki mmoja atoke Bukoba na mwingine atoke kwa wanafunzi wake, ili mchezo uwe wa vikundi vyote viwili. Wewe ukabaki. Nafasi yangu akapewa Salha. Mimi nikapewa kikapu cha buni nisimame nacho kando ya jukwaa.

“Usinune,” uliniambia, “ni mchezo tu.”

“Nani amenuna?”

Projestus, mpiga ngoma wetu, hakuweza kujizuia. “Dada, umenuna mpaka masikio!” Kikundi kizima kikacheka, na wewe pamoja nao.

Jioni ya onyesho ulichukua buni kutoka kikapuni mwangu, ukaipasua, ukampa Salha punje yako. Hakuna aliyekuwa amemwambia asitafune, kwa kuwa kwenye mazoezi mlitumia karanga. Akatafuna. Uso ukamkunjamana, akaitema kiganjani mbele ya watu wote. Nakuandikia ukweli: nilifurahi. Nilisubiri usimame wima kama Bibi, umkazie macho. Badala yake ulicheka mpaka ukainama, ukamkumbatia, na ukumbi mzima ukainuka kupiga makofi, ukidhani ndivyo hadithi yenyewe inavyokwenda. Nilipiga makofi pia, kikapu kikiwa kimening’inia mkononi.

Laiti Salha angekuwa mtu wa majivuno, ningepumzika. Lakini alinifuata nyuma ya pazia akaniuliza kwa unyenyekevu, “Dada, nimekosea wapi?” Nikamjibu, “Hujakosea,” kwa sauti niliyoizoeza kwa ajili ya usaili wa kazi.

Wewe ukabaki jijini, katika kikundi cha yule bwana. Sisi tukarudi, na kiti cha pembeni yangu kikakaliwa na ngoma ya Projestus.

Leo nina shahada yenye alama ambazo wahadhiri walizitaja hadharani, na ninajitolea kufundisha sanaa katika sekondari moja hapa Muleba. Wanafunzi wangu wanazo picha zako kwenye simu: wewe na Salha, paji kwa paji, chini ya taa za jukwaa. “Madamu, huyu si rafiki yako?” Nawajibu kwamba ni rafiki yangu. “Mbona wewe hukuenda?” Hapo huwaagiza wafungue madaftari.

Kisha likaja ombi lako, kwa sauti yako changamfu: Salha anataka kujifunza kwa Bibi mwenyewe, na safari hii atameza. Sikukujibu. Nilikwenda Izigo nikiwa na hoja iliyojengwa vizuri, nikitumaini Bibi atanipa katazo la kimila nikuletee kama hukumu ya mahakama. Nilimkuta akimenya ndizi.

“Bibi, mtu aliyekwisha kuchanjiana anaweza kuchanjiana na mwingine?”

“Babu yako alikuwa nao wanne.”

“Wanne?”

“Na msibani walikuja wote, wakagombania nani atangulie mbele ya jeneza. Yule wa kwanza alikuwa na wivu kunizidi mimi mkewe.” Alicheka, kisha akaacha kucheka, akanitazama. “Nani amekuumiza?”

“Hakuna, Bibi.”

“Haya, shika kisu umenye.”

Nikamenya. Kwa hiyo, Kemi, mila haikunisaidia. Hakuna kanuni uliyoivunja wala baraza ninaloweza kukushtakia. Kilichobaki ni mimi, na sijui kukugawana na mtu. Nimejaribu kulisema jambo hili kwa lugha ya juu zaidi nikashindwa: naona wivu. Nauona nikisahihisha madaftari, nauona nikimsikia mtu akilitaja jina lako kana kwamba amekufahamu yeye kwanza.

Njooni. Bibi amekwisha kuziweka buni juani, na anamuulizia mgeni wako kama anakula ndizi au tumtafutie wali. Hatakosa chochote kwetu. Ila nakuomba msifuatane. Wewe njoo siku moja kabla yake. Usiniletee zawadi wala picha. Tukae uani na Bibi, unisimulie jiji kama mtu ambaye bado hajamsimulia mwingine, na ukichoka kusimulia, unyamaze tu, nipo. Kesho yake nitashuka mwenyewe stendi ya Muleba kumpokea Salha, nitambebea begi, na nitamwita mdogo wangu bila kuuma meno.

Siku hiyo moja ukinipa, nyingine zote nitajitahidi.

Nakuaga kwa upendo,
Rafiki yako wa kwanza