Injini Inayopanda na Kushuka

Kome, 5 Januari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inawakuta wazima, wewe na shangazi Safia hapo Butimba. Mimi sijambo, isipokuwa mvua imetunyeshea mpaka tumechoka nayo.

Ni mwaka na miezi miwili hatujasemezana. Nimekupigia simu, hupokei. Nikasema kama hutaki sauti yangu, labda mwandiko wangu utausoma. Siandiki kudai habari ya gereji. Ulimwachia fundi mwenzangu Machibya, na mimi niliyeshika spana pembeni yako miaka sita kabla ya kuja huku, nikaja kuambiwa na watu. Hilo tuliache. Naandika kwa ajili ya injini.

Hapa kisiwani mimi ndiye fundi wa kituo cha afya. Nina jenereta, pampu ya maji, na mashine ya kukata nyasi, ile kubwa unayoikalia na kuiendesha kama trekta dogo. Hiyo ndiyo inayokata kiwanja chetu cha ndege. Tarehe 31 inakuja ndege ya madaktari wa macho. Wagonjwa thelathini na wanane wameandikishwa, wengine wanashikwa mkono hata kwenda chooni. Rubani ameshasema nyasi zikipita kifundo cha mguu hatui. Sasa zinanifika magotini. Tumejaribu kwa fyekeo, watu kumi kutwa nzima, na kwa mvua hii zinaota nyuma yao.

Mashine inawaka, lakini haitulii. Inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, kama mtu anayehema baada ya kukimbia. Nikishusha visu kwenye nyasi, inazima. Nimesafisha kabureta mara mbili, nimeweka plagi mpya, nimemwaga petroli yote ya zamani. Bado. Daktari Gladness, mkuu wetu wa kituo, ananiuliza kila asubuhi, nami namjibu itapona. Na itapona, Baba. Nataka tu kujua nianzie wapi.

Barua anakuletea Kija, karani wa boti. Majibu mpe yeye.

Mwanao,
Sada


Butimba, 8 Januari 2026

Mwanangu Sada,

Marahaba. Hatujambo. Shangazi yako anasumbuliwa na goti tu.

Kabureta usiiguse tena. Washa mashine, iache ipate moto, kisha vuta choki mpaka nusu. Ikitulia niambie, isipotulia niambie. Legeza pia kifuniko cha tenki uone kama kinabadilisha kitu.

Baba yako


Kome, 10 Januari 2026

Baba,

Shikamoo, na pole kwa shangazi. Mwambie akande goti kwa maji ya moto, asipuuze.

Barua yako fupi nimeisoma labda mara kumi. Nimefanya ulivyosema. Choki ikifika nusu, injini inatulia tuli, hata nikaicheka. Nikirudisha, inaanza kuhema tena. Kifuniko cha tenki hakibadilishi kitu.

Sasa nimepata akili. Nimeirekodi kwenye simu ya Kija, dakika mbili nzima, ya kutulia na ya kuhema. Wewe ulikuwa unasikia gari likiwa bado barabarani unasema plagi ya tatu imekufa, na kweli tukiifungua imekufa. Isikilize, uniambie.

Mwanao,
Sada


Kome, 14 Januari 2026

Baba,

Shikamoo. Habari za hapo?

Kija amerudi mikono mitupu. Anasema ulichukua simu, ukaiweka sikioni, ukakaa nayo, ukamrudishia, ukaingia ndani bila neno. Kama nimekukosea kwa kuandika mambo ya gereji, nisamehe. Lakini wagonjwa hawajakukosea.

Zimebaki siku kumi na saba. Jana nimefungua mfumo wote wa petroli kuanzia tenki. Mpira mzima, chujio safi, petroli inamwagika kama bomba la maji. Huko hakuna ugonjwa.

Sada


Butimba, 19 Januari 2026

Mwanangu Sada,

Nakusalimu sana. Natumaini u mzima na kazi inaendelea.

Hukunikosea. Kija aliponipa simu nilisubiri ianze. Nikadhani bado hajaiwasha. Nikamtazama, naye ananitazama, na ile mistari kwenye kioo inacheza. Ndipo nikajua kwamba injini inanguruma sikioni kwangu na mimi sisikii kitu.

Masikio yangu yamekwisha, Sada. La kulia lilikwenda zamani, la kushoto limelifuata polepole. Simu yako sikuikataa. Nilikuwa naiona inawaka jina lako, naikodolea macho mpaka inazima.

Mwaka ule wa mwisho gerejini niliruhusu injini ya boti ya Nkwabi itoke. Ilikuwa inagonga ndani, mtu yeyote angesikia. Mimi nikasema nzuri, nenda. Ikawafia katikati ya ziwa, watu wanne, wakaelea mchana kutwa mpaka wavuvi wakawavuta. Nkwabi alikuja kunifokea. Nikaona mdomo wake unafunguka na kufungika. Nikajua ni halali yangu, ila sikujua ananiambia nini.

Gereji nikampa Machibya kwa sababu Machibya haulizi. Wewe ungeuliza. Ungejua siku ile ile, ungenihurumia, na mimi sikutaka kuhurumiwa na mtoto niliyemfundisha kusikiliza. Nilikukosea kwa aibu yangu mwenyewe. Shangazi yako anajua, hapa ndani tunaongea kwa mikono.

Sasa injini.

Choki inapunguza hewa. Ukipunguza hewa ikatulia, maana yake inakula hewa nyingi kuliko petroli. Petroli umeshanithibitishia inafika. Basi kuna hewa inaingia kwa mlango wa uani, mahali baada ya kabureta. Tia sabuni kwenye maji, chukua chupa ya kupulizia, uwashe mashine. Pulizia kidogo kidogo pale kabureta inaposhikana na injini, juu, ubavuni, na hasa chini, ambako watu hawaangalii. Usitegemee masikio, jenereta yenu itakudanganya. Weka kiganja cha kushoto kwenye fremu, utaisikia injini mkononi. Ukipulizia mahali na kuhema kukabadilika, hata kwa kufumba na kufumbua, simama hapo hapo. Zima, acha ipoe, pitisha ukucha.

Hivi ndivyo nilivyofanya kazi miezi yangu ya mwisho. Ilinifaa kwa nyingi, kasoro ile moja.

Baba yako


Kome, 22 Januari 2026

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya mashine, nikalia. Kisha nikashuka kwenda kutafuta sabuni.

Nimekasirika, nisikufiche. Mwaka mzima nimewaambia watu hapa kwamba baba yangu alinitupa. Ungeniambia, ningekuwa masikio yako, na asingejua mtu. Hasira hii itachukua muda. Lakini nakuandikia nikiwa nayo, siyo kwamba nangoja iishe.

Tumeipata. Juu hakuna kitu, ubavuni hakuna kitu. Nilipopulizia chini ya shingo, kile kipande cha aluminiamu kinachoshika kabureta kwenye injini, mtetemo ukakatika mkononi mwangu, ukarudi. Macho hayakuona chochote. Ukucha ukanasa. Ni ufa mwembamba kama unywele, nusu ya duara. Bolti moja ilikuwa imelegea, kabureta imecheza miezi hata chuma kikachoka.

Kisiwani hakuna wa kuchomea aluminiamu. Shingo nimeifunga kwenye gazeti, anayo Kija. Mtu pekee ninayemjua mwenye mashine hiyo ni Machibya. Siwezi kutoka hapa, jenereta haina mwangalizi mwingine. Itabidi uende wewe, Baba.

Mwanao,
Sada


Butimba, 26 Januari 2026

Mwanangu,

Sisi wazima. Natumaini na wewe.

Nilikaa na lile gazeti mapajani siku nzima kabla ya kwenda. Nilipoingia gerejini vijana wote wakasimama. Machibya akaanza kuongea, nikamwonyesha masikio yangu, nikamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya wote, "Sisikii. Nimekuwa kiziwi tangu kabla sijaondoka hapa."

Akachukua kipande cha boksi akaandika: "Mzee, tulijua. Tulikuwa tunazipitia kazi zako ukishaondoka jioni. Ile ya Nkwabi ilitoka mchana, hatukuiwahi."

Nilitaka ardhi inimeze, halafu nikacheka, naye akacheka. Wamenichunga muda wote ule nikidhani nawaficha.

Akachomea mbele yangu. Kusawazisha nikamwambia aniachie mimi. Nimelaza msasa juu ya kioo, nimeisugua shingo mpaka kiganja kikaniambia basi. Gasketi nimeikata mpya. Kaza bolti zote mbili kwa zamu, kidogo huku, kidogo kule, usimalize moja kabla ya nyingine.

Machibya anakusalimu. Ameandika kwamba nafasi yako ipo ukitaka kurudi.

Baba yako


Kome, 1 Februari 2026

Baba mpendwa,

Shikamoo. Huku ni salama tupu.

Shingo ilifika Jumanne. Nilifunga kama ulivyosema. Nikawasha bila choki, nikaweka kiganja kwenye fremu. Tuli. Nikashusha visu, nikaingia kwenye nyasi za magoti, haikuyumba. Nimekata siku mbili na nusu, mgongo wangu mpaka leo haunyooki. Daktari Gladness alikuja mwenyewe na viatu vyake vya ofisini, akatembea kiwanja mwanzo hadi mwisho akitazama kifundo cha mguu wake.

Ndege ilitua jana saa tatu asubuhi. Jana wamepasuliwa kumi na tisa, leo wanamalizia. Asubuhi walipoanza kufungua bandeji, bibi mmoja aitwaye Nyanzala aliwatazama wajukuu zake mmoja mmoja, kisha akauliza mbona shati la huyu mrefu halina vifungo. Watu walicheka mpaka wauguzi wakawanyamazisha.

Mwambie Machibya asante, lakini sirudi. Kazi yangu iko hapa na ninaiweza. Ila jenereta yetu ni ya zamani, ina mtetemo nisioujua, na nataka mkono wako uiguse. Nina chumba cha pili. Njoo kabla ya Ramadhani, mlete na shangazi.

Mwanao,
Sada


Butimba, 4 Februari 2026

Mwanangu Sada,

Marahaba. Barua nimeisoma, nikampa shangazi yako naye akaisoma. Ameshaanza kufunga mizigo, na goti lake limepona ghafla.

Tunapanda boti Jumamosi. Utakapokuja kutupokea gatini usiniite "Baba" kwa mbali. Njoo mpaka mbele yangu, usimame, useme polepole. Nataka kuona unavyolitamka.

Baba yako