Bunduki Inayokutosha Begani

Baba Neema wangu mpendwa,

Nakuandikia kutoka Buffalo, kwa dada yako, tulikohamia baada ya kukuzika Louisville. Wiki hii nimemnunulia binti yetu bunduki ya kuwinda swala, na jina lako halikubanduka mdomoni mwangu.

Unakumbuka uliponipeleka kulenga shabaha mara ya kwanza? Wenzako wa ghala la Jeffersontown walikuwa wamekufundisha kuwinda, ukataka na mimi nije msituni badala ya kukaa nyumbani nikikuhofia. Ukanipa bunduki yako. Wewe mabega kama mlango, mimi nakufikia kifuani! Nilifyatua mara moja, ikanipiga teke hadi machozi yakanitoka. Mara ya pili nilifumba macho kabla hata ya kufyatua.

Nikakuambia, "Bunduki nilizikimbia kule milimani kwetu. Usinirudishe huko."

Hukunicheka. Uliniwekea barafu begani, ukasema, "Bon, Mama Neema, woga wako nauheshimu. Lakini leo kosa ni la bunduki, si lako. Kiatu changu ungeweza kuvaa?"

Baadaye ulikuja na nyingine, ya risasi ndogo wanayoiita 243. Ukanieleza polepole: risasi yake ni nyepesi, baruti yake si nyingi, donc hairudi nyuma kwa nguvu. Lakini swala inamwangusha vizuri, mradi nisipige kutoka mbali na nimsubiri anionyeshe ubavu. Kitako ulikuwa umekikata mwenyewe, kilingane na mkono wangu. Na hukuchukua ile nyepesi kupita zote, kwa sababu bunduki ikiwa na uzito wa kutosha haipigi sana bega.

Nilifyatua macho yakiwa wazi. Nikaliona tundu kwenye karatasi. Ukaninyanyua juu mbele ya watu, mzee mzima wewe!

Sasa juzi, dukani, muuzaji alimtazama Neema, mwembamba kama mimi, akamletea bunduki kubwa. Akasema ataizoea.

Nikamjibu, "Atazoea kufumba macho. Tuletee 243, yenye kitako kifupi."

Neema alinitazama kama mtu asiyenijua. Jana tulipokwenda kuijaribu nilisimama nyuma yake, moyo ukinidunda kuliko wake. Alipiga, akageuka akicheka, akaniuliza kwa Kiingereza kama anaweza kurudia. Nikageuza uso asinione nikilia. Kicheko kile ni chako kabisa.

Nimekukosa sana, mpenzi wangu. Kuna siku nakasirika kwamba uliondoka mapema hivi, na kuna siku, kama jana, nashukuru tu kwamba nilikuwa wako.

Jumamosi tunaingia msituni. Siku zote wewe ndiye uliyetangulia, ukinishikia matawi yasinipige usoni. Safari hii nitatangulia mimi, nimshikie yeye.

Lala salama, mume wangu.

Mkeo akupendaye,
Mama Neema