Mkwe Ndani ya Mahindi

Langas,
Eldoret.
17 Agosti 2025

Mpendwa dada Musimbi,

Nakusalimu kutoka huku kwenye matope, nikiamini jua la Doha bado halijakukausha. U mzima? Kifua kimepoa? Sisi tunapumua, ila mgongo wangu unauma, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Uliuliza kwa simu kama Mama anaona baada ya operesheni ya macho. Haoni. Hakufanyiwa. Sikukujibu siku ile kwa sababu ningepiga kelele, na dukani kulikuwa na wateja.

Murunga, mume wa Rosebella wetu, alijitolea kumleta kutoka kwake Ziwa hadi kliniki ya macho hapa mjini kwa gari lake. Nilishukuru sana, nikasahau kwamba yeye ni mkwe. Sheria zetu unazijua: mkwe hamtazami mama mkwe wala hamkaribii. Basi akatundika leso kati ya viti vya mbele na vya nyuma, nilikoketi na Mama, akageuza kile kioo cha ndani kikawa kinatazama paa. Tukaondoka hivyo.

Kabla hatujafika lami, tairi la nyuma likapasuka. Hapo nampa heshima yake: hakukanyaga breki, alikaza usukani, akaliacha gari lipunguze mwendo lenyewe hadi kando. Halafu akashuka, akaelekea kwenye shamba la mahindi la watu.

"Shem, unaenda wapi?"

"Mama lazima ashuke. Gari haliinuliwi mtu akiwa ndani. Na akishuka, mimi siwezi kuwa hapo."

"Lakini Mama haoni. Kwake wewe ni kivuli tu."

"Mimi naona," akasema, na mahindi yakamfunika.

Nikamshusha Mama, nikamketisha juu ya mtungi wa plastiki uliokuwa garini, mbali na barabara. Mimi, ambaye kitu kizito zaidi nilichowahi kubadilisha ni balbu, nikawa fundi. Maagizo yakawa yanatoka mahindini.

"Umelegeza nati kabla ya kuinua?"

"Mwambie mtu huyo asipige kelele, sisi si viziwi," Mama akaniambia, na mtu mwenyewe yuko hatua chache tu.

"Mwambie Mama nimesikia," mahindi yakajibu.

Akaniambia niweke mawe kwenye magurudumu ya mbele. Nikaweka. Niweke ubao chini ya jeki, maana udongo umelowa. Ubao sikuuona, na nilikuwa nimekasirika, nikasema nimeweka. Tena nisukume spea, lile gurudumu la akiba, chini ya ubavu wa gari, ikae hapo mpaka nitakapoihitaji. Nikaisukuma ili anyamaze.

Nilipovuta tu tairi lililopasuka, jeki ikazama na gari likaanguka. Lililala juu ya spea, Musimbi. Bila ile spea lingelala juu ya mkono wangu.

Sasa spea iko chini ya gari, jeki imo ndani ya udongo, na mwenye gari yumo ndani ya mahindi. Tukangoja mpaka lori la maziwa likasimama. Dereva, Kinuthia, alikuwa na jeki kubwa na ubao wake. Akauliza mwenye gari yuko wapi. Nikasema ameenda haja. Akayatazama mahindi, akamtazama Mama, akainua gari na kunifungia spea.

Tulipofika kliniki, wale madaktari wa macho wa kuzunguka walikuwa wanafunga masanduku. Watarudi mwakani, Aprili.

Mama anasema hatakwenda tena, vivuli vinamtosha. Havimtoshi. Juzi alimimina uji wa moto nje ya kikombe, ukamwagika gotini, asimwambie mtu. Mpigie simu. Mimi ananiona mtoto; wewe anakuogopa kidogo.

Nilipokuwa namrudisha Ziwa alilia. Akasema hakutaka mengi. Alitaka amwone tu huyo mtu anayekaa na binti yake, hata kama ni mgongo wake tu, akikimbia. Miaka yote hii anaijua sauti yake peke yake. Basi mwambie hivi: Aprili mahindi yatakuwa hayajafika hata magotini.

Wasalimie wenzako wa huko, Mildred na Mulongo wake. Rosebella anakukumbatia. Murunga pia anakusalimu, kwa mbali. Mungu akutunze ugenini na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Nduguyo asiyekusahau,
Mabonga