Mlima Unaopumua Nyuma ya Kiranjeranje

Mchinga, Jumamosi. Kipupwe.

Upepo wa kusi umevuma tangu alfajiri, na miguu inaniuma mahali ambapo sikujua kuna msuli. Nina furaha. Naliandika neno hilo kwanza kabla sijaanza kulichokonoa, maana najijua.

Ila lazima nianze na aibu, kwa sababu safari yote ilitokana nayo.

Wiki tatu zilizopita, katika darasa la watu wazima, niliwaonyesha wanafunzi wangu jiwe jeusi nililoliokota Moshi nilipokuwa sekondari. Lina matundu kama andazi. Nikawaeleza habari za volkano, jinsi ardhi inavyochemka na jinsi milima ya kaskazini ilivyozaliwa kwa moto. Nalipenda somo hilo kupita kiasi, na nadhani nilijisahau. Bi. Somoe akanyoosha mkono. Yeye ni mzaliwa wa Kiranjeranje aliyeolewa huku, ana wajukuu sita, na ndiye hodari wa darasa zima. Barua za mwanawe aliye mkongeni Tanga alikuwa amekaribia kuzisoma mwenyewe.

"Hata kwetu uko mlima unatoa moshi, mwalimu," alisema. "Asubuhi za kipupwe."

Mimi, mwenye cheti, nikamjibu: "Labda kuna mtu anapika huko juu, bibi."

Darasa likaangua kicheko. Wanaume wa benchi la nyuma walijipiga mapaja. Nami nilicheka.

Bi. Somoe hakurudi tena.

Nimepita kwake mara mbili. Mara zote aliitikia shikamoo yangu, akanitandikia mkeka, akaniambia kwamba mavuno ya ufuta yamembana. Adabu ile ilinichoma kuliko matusi. Daftari lake limebaki kabatini kwangu. Ukurasa wa mwisho ameandika jina la mwanawe mara nne, na kila mara herufi zimenyooka zaidi.

Nikaona siwezi kumwomba radhi kwa jambo ambalo sijaliona. Ningesema nini? Nisamehe, ingawa ulikosea? Hiyo si radhi.

Basi jana, baada ya vipindi, niliazima Landrova ya mjomba, ile isiyo na kioo upande wa kushoto, nikashika njia ya kaskazini peke yangu. Barabara ilikuwa kavu, nyekundu, na mikorosho imeanza kuchanua pande zote mbili. Niliimba kwa sauti ambayo siwezi kuitoa mbele ya watu. Nilipopunguza mwendo kuvuka Mbwemkuru, wanaume watatu waliokuwa wakiosha baiskeli walitazama ndani ya gari, kisha nyuma, kwenye turubai.

"Dada, dereva kaenda wapi?"

"Kashuka kuoga," nikawaambia, nikatia gia.

Nilicheka peke yangu hadi Kiranjeranje.

Nililala kwa Bi. Mwajuma, mdogo wake Bi. Somoe. Alipojua kwetu ni Newala alifurahi kama aliyeokota kitu, maana yeye Mmwera, mimi Mmakonde, yaani watani. Akaniletea ndoo ya maji, maana Newala yetu inasifika kwa shida ya maji. "Oga, mtani. Ukimaliza oga tena, ukawahadithie kwenu kwamba maji yapo." Niliposema nataka kupanda mlima peke yangu aliyatazama magoti yangu kwa muda mrefu. Kisha akanielekeza: nifuate kijito kikavu, nipite shamba la ujamaa, nipande kwenye mawe meupe yenye meno, na nikifika mdomoni mwa pango nipige hodi.

"Hata kama simwoni mwenyewe?"

"Kwani wewe leo uliniona kwanza ndipo ukapiga hodi?"

Nimeondoka leo kabla ya jua, na kipimajoto cha shule, chupa ya chai na vipande viwili vya muhogo. Nimetembea saa moja na nusu bila kukutana na mtu. Nakiri hapa, kwa sababu hapa hakuna anayenitazama: njiani nilitamani kuona jiwe jeusi, moja tu, lenye matundu. Nilikwisha kuitunga kichwani barua nitakayoandika Dar es Salaam, mwalimu msichana aliyegundua volkano kusini. Lakini mawe yote yalikuwa chokaa, meupe, mengine yana alama za kombe ndani yake. Pale palikuwa bahari zamani. Hapakuwahi kuwa na moto.

Kwa hiyo nilikuwa sahihi. Kwa dakika kama kumi nilipanda nikiwa na ile raha mbaya ya kuwa sahihi.

Kisha jua likagusa kilele, nikauona moshi.

Ulikuwa mweupe, mwembamba, ukitoka polepole kwenye mwanya wa mawe. Haukuwa na harufu ya kuni. Nikapiga hodi, nikajiona mjinga, nikapiga tena kwa sauti zaidi. Nikainama kuchungulia. Miwani yangu ikaingia ukungu papo hapo, nikawa sioni kitu. Hewa ya ndani ilikuwa ya vuguvugu na unyevu, kama mtu aliyekuwa akinipulizia usoni. Kipimajoto kilionyesha nyuzi kumi na saba nje, ishirini na tano mdomoni mwa pango. Nikakumbuka asubuhi za Moshi, tukiwa tumejipanga mstarini, na pumzi zetu zinatoka midomoni kama moshi. Ni jambo lilelile. Mlima una joto tumboni, na unapumua kwenye baridi.

Nikakaa pale nikala muhogo wangu, nikifuta miwani na kuchungulia, nikifuta na kuchungulia, nikicheka kama mtoto.

Bi. Somoe hakutamka volkano hata mara moja. Alitaja mahali, majira, na saa ya siku. Mimi nilimjibu kwa kejeli. Kati yetu wawili, nani alikuwa mwanasayansi?

Nimefika Mchinga alasiri, nikaenda kwake moja kwa moja na vumbi langu. Alikuwa anapiga ufuta juu ya mkeka. Shikamoo. Marahaba.

"Nimetoka kwenu, bibi. Nimepanda mlimani."

Hakuinua uso. "Umemkuta anayepika?"

"Sikumkuta. Lakini chungu kinafuka kweli."

Mkono wake ukasimama. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, hodi na miwani na kipimajoto, kisha nikamwomba radhi. Akakung'uta ufuta uliomgandia mikononi.

"Wewe mtani wangu," alisema mwishowe. "Ungenicheka kimtani, ningekucheka mpaka ulie, yakaisha palepale. Ila siku ile ulinicheka kimwalimu. Mwalimu nitamcheka vipi mimi?"

Nikainamia mkeka, nikaanza kuokota punje zilizoruka nje.

Halafu akatabasamu, upande mmoja tu. "Haya, faini yako. Jumatatu mimi nasimama ubaoni, nawaeleza mlima wetu. Wewe unakaa benchi la nyuma na wale wapiga mapaja."

"Nitakaa, bibi."

"Na ukitaka kusema, unanyoosha mkono."

Nimelitoa daftari lake kabatini na kumchongea penseli. Mezani nimeweka jiwe jeupe la mlima wake kando ya lile jeusi la Moshi, na sioni tena kwamba moja limelizidi jingine. Swali langu nimekwisha kuliandaa: kwa nini mlima unafuka asubuhi za kipupwe, na si wakati wa joto? Nadhani jibu nalijua. Nitanyoosha mkono hata hivyo.

Naomba tu anichague.