Chef wa labo aliona haya kunituma

Mardi, Bigo

Na leo tena ni umri unanikwamisha. Si diplome, si pointi, umri tu.

Nilienda ku centre de santé, kule wanatunza wagonjwa, kuomba staji ya labo, nijifunze kazi ya kupima damu. Chef wa labo, mukubwa wa pale, ni kijana, analingana na mutoto wangu wa kwanza. Alisimama, akanipa kiti yake.

«Mama, mugonjwa iko wapi?»

Nikamuambia hakuna mugonjwa, ni miye natafuta staji. Niliuzisha samaki kule Mahagi miaka mingi, sasa niko nasoma labo.

«Mama, nitakutuma namna gani? Kuosha vyombo, kukimbia kuchukua damu... Naona haya.»

Iliniuma. Heshima yenyewe ndiyo inanifungia mulango! Nikasimama, nikamurudishia kiti.

«Chef, ikala. Unitume sasa.»

Akaangalia chini. «Basi... Mama, osha mikono, uvae gants.»

Nikaosha, nikavaa ile mipira ya mikono. Nilitumika naye mpaka saa ya kufunga, akasema nirudi.

Naogopa macho yangu, mikroskope inayachokesha. Lakini kesho asubui niko pale. Na kama haya inamushika tena, nitamukumbusha: chef ni yeye.